Saida ya Kopo kwa Bibi Enid

Mlioniacha mara ya mwisho bandani nimekalia ndoo nikilia, machozi yamekauka. Nimenyanyuka, na nina habari zinaniwasha ulimi.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, niseme haraka haraka. Mimi ni Bryony. Shahada ninayo, ya saikolojia, na kazi ninayo, ya kukata keki kwenye mgahawa wa duka la miche. Mchumba wangu ni Corin, mkata miti, mikono kama makasia na moyo kama siagi.

Bibi yake Corin, mzaa mama, ndiye Bibi Enid Tincknell. Shamba la mitufaha kongwe kuliko yote hapa kijijini Huntlow, mkoa wa Somerset, ni lake, pamoja na kijumba cha mawe kilichomo katikati. Kijumba kiko tupu tangu magoti yake yagome na yeye ahamie karibu na kituo cha basi. Mwanawe, Mjomba Mervyn, anataka kung'oa miti yote ajenge vibanda vya watalii. Mimi na Corin tunataka kuoana, tuhamie mle, miti ibaki.

Bibi Enid alitoa sharti lake pale baa, kijiji kizima kikisikia. Msichana atakayelala shambani kwake aje siku ya kuiimbia mitufaha, mwezi wa kwanza, na saida aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Yeye ataionja, kisha atasema.

Mimi na mdomo wangu nikajibu kwamba hiyo kazi ndogo. Saida si pombe ya matufaha tu? Na matufaha kwetu si yamejaa? Nikayaokota yote, nikayafunga kwenye mifuko ya plastiki, nikakaza mafundo, nikayasahau bandani. Nilipofungua, yalikuwa uji. Na msimu ulikuwa umekwisha, kila tufaha la Somerset limeshakamuliwa.

Hapo ndipo mliponiacha. Sasa sikilizeni.

Nilifuta kamasi, nikapanda basi mpaka mjini, mtaa ambao hakuna anayenijua, nikanunua saida ya kopo.

Msinigune. Ni boksi tu. Ndani kuna kopo la rojo zito la matufaha, pakiti ya hamira, na karatasi ya maelekezo yenye picha ya mwanamume anayecheka. Unamimina rojo kwenye ndoo, unaongeza maji, sukari, hamira, unafunika, unasubiri. Hata mtoto anaweza. Ila huku kwetu kupeleka saida ya kopo kwa Bibi Enid ni sawa na kumpelekea mpishi wa harusi pilau ya pakiti.

Nikaiweka ndoo kwenye kabati la tangi la maji moto, juu ya taulo za mama, maana hamira inapenda joto. Ikachemka vizuri, ikawa inapiga mapovu blupu blupu mchana kutwa. Mama akalalamika kwamba akitoka kuoga ananuka kama mlango wa baa.

Siku ya kuonja nikawaita wote wawili jikoni, mama na Corin. Nikawamiminia kwenye bilauri za wageni.

Corin alionja, akatazama dirishani. Mama alionja, akatazama ndani ya bilauri, kama mtu aliyeangusha kitu humo.

"Mwanangu," akasema, "hii ni maji ambayo tufaha limepita karibu yake."

Alikuwa sahihi. Harufu ilikuwepo, kwa mbali. Lakini mdomoni hakuna kitu. Haina uzito, haina ukakasi, inateleza tu mpaka tumboni bila kusalimia mtu.

Nikasema tatizo liko wazi, haina utamu wa kutosha, ndiyo maana nyepesi. Nikatia sukari, kilo nzima, nikairudisha kabatini.

Jamani, shahada si kinga. Hamira inakula sukari. Ukiipa zaidi inakula zaidi, na haikuachii utamu hata wa kulamba, inakuachia ukali tu. Wiki mbili baadaye nilikuwa na kitu chembamba kuliko mwanzo na kikali kama petroli. Corin akachukua chupa, kwa upole wake wote, akasema itamfaa kusafishia mnyororo wa msumeno. Na kweli alisafishia. Mnyororo uling'aa.

Nikaingia mtandaoni, kwenye kundi la watu wanaotengeneza pombe majumbani. Nikauliza swali moja tu: nifanye nini saida ya kopo iwe na ladha na uzito? Wee. Nilirusha mfupa kati ya mbwa. Huyu anasema zabibu kavu, yule anasema zabibu ni ushamba. Mmoja akaandika maneno mengi kuhusu vipande vya mti wa mwaloni, mwingine akamjibu akanywe kabati. Wakatukanana mpaka asubuhi, na mimi nikadaka yale machache waliyokubaliana bila kujua kwamba wanakubaliana.

La kwanza, maji ndiyo mchawi. Usijaze maji, jaza juisi.

Nikanunua kopo jingine, na maboksi ya juisi ya matufaha mpaka mtu wa dukani akaniuliza kama nina shule. Nikachanganya, nikatia hamira, nikafunika. Kimya. Siku ya pili kimya. Nikawa naifungulia kabati na kuibembeleza kama mgonjwa. Ndipo Corin akasoma ubavuni mwa boksi, akakuta kwamba juisi ile imetiwa dawa ya kuzuia isichachuke.

"Sasa mpenzi," akasema, "si umewatilia sumu wafanyakazi wako?"

Ikamwagwa bustanini. Mama akasema hata konokono wamehama.

Mara ya tatu nilikuwa mtu mzima. Juisi tupu isiyo na dawa. Rojo la makopo mawili kwenye ndoo moja. Sukari nyeupe sikuigusa. Ikachemka mpaka kifuniko kikanyanyuka na taulo ya bluu ya mama ikapata rangi ambayo haitoki.

La pili, ukakasi. Saida ya Bibi Enid ukiimeza inakubana mashavu kidogo, unataka tena. Hiyo inatoka kwenye matufaha machungu ya huku, ambayo mimi sikuwa nayo. Basi nikapika chai nyeusi, nzito, majani mengi, nikaiacha ikapoa, nikaimwaga humo. Kisha nikakumbuka matufaha mwitu kwenye ua wa kanisa, yale madogo kama gololi, ambayo ndege wenyewe wanayala wakikosa kabisa. Nikaenda na Corin, tukayachuma yaliyosinyaa kwa baridi, tukayagandisha ili yalainike, tukayaponda na kuyatumbukiza ndani ya soksi mpya ya nailoni. Mpya, nasisitiza, maana mama alihesabu zake.

Tulipoonja, Corin hakutazama dirishani. Alinitazama mimi.

Ilikuwa imekaribia. Ladha ipo, ukakasi upo. Kilichobaki ni ule uzito, ile hali ya kinywaji kukaa ulimini kidogo kabla ya kuondoka. Hapo nikatumia la tatu, ambalo lile kundi walilitaja kwa kunong'ona: sukari ya maziwa. Ni unga mweupe unaotokana na maziwa, hamira haiwezi kuula, kwa hiyo unabaki, unaipa saida mwili. Nikauyeyusha kwenye maji ya moto siku ya kutia kwenye chupa, nikakoroga taratibu.

Wasomaji wangu, ilishuka kama hariri.

Nikaosha makopo yangu vizuri, mtoto mwema wa mazingira, nikayapanga kwenye boksi la taka za kurudishwa kiwandani, nikaliweka nje kando ya barabara asubuhi ya gari la taka. Makopo yenyewe, karatasi zake bado zimebandikwa, picha ya matufaha mekundu, na maandishi makubwa unayoweza kuyasoma ukiwa juu ya farasi.

Na nani hupita kwetu kila asubuhi na mbwa?

Mjomba Mervyn aligonga mlango kopo likiwa mkononi, amelishika kwa vidole viwili kama panya. Akaniambia amefurahi kujua kwamba mila za Somerset ziko salama. Akasema anasubiri kwa hamu kuona uso wa mama yake, na kwamba watu wa vibanda watakuja kupima shamba mwezi wa pili.

Mama ndiye aliyetoka jikoni, akajifuta mikono, akamwambia Mervyn asisimame mlangoni na baridi yote hiyo, aingie, wazungumze kikubwa. Akanipa mimi kamba ya mbwa, akaniambia nikamtembeze.

Niliporudi, Mervyn alikuwa anavaa kofia. Kopo lilikuwa mezani. Nikamuuliza mama atasema au hatasema. Mama akasema hatasema, na niende nikaanike taulo.

Basi siku ikafika.

Mnajua inavyokuwa. Jua limezama, baridi inakata masikio, kijiji kizima kimejaa shambani na mienge, masufuria ya kupigia kelele, na bunduki mbili za kufyatulia hewani ili kila kibaya kikimbie kwenye matawi. Mama alibaki nyumbani, alisema kichwa kinamgonga. Mimi nimevaa taji la majani, kwa sababu mwaka huu malkia wa miti ni mimi, na chupa zangu ziko kwenye kikapu, na mapigo ya moyo nayasikia kwenye meno.

Kwa kawaida malkia huchovya mkate wa kuchoma kwenye saida, anautundika kwenye mtufaha mkongwe, kisha anamwagia mizizi kidogo, watu wanaimba. Lakini kabla ya mti, Bibi Enid. Alikuwa amekalia kiti cha kukunja, blanketi magotini, kikombe chake cha udongo mkononi. Nikammiminia yeye, na Corin akawagawia waliosimama karibu.

Akanusa. Akanywa. Akakaa nayo mdomoni kwa muda ambao mimi niliutumia kuzeeka.

Akameza. Akanyoosha kikombe. Nikamiminia tena, nusu ikaingia kwenye blanketi.

"Nzuri," akasema. "Inanibana hapa," akagusa shavu. "Matufaha gani?"

Hapo ndipo penyewe. Huku hawakuulizi tu kama umetengeneza, wanakuuliza mti. Na mimi majina ya mitufaha nayajua, ningeweza kutaja lolote, na Bibi angeitikia kwa kichwa, na tungeimba. Nilimtazama Corin, ameng'ata kidole cha glavu. Nikamtazama Mjomba Mervyn, nikitegemea atafungua mdomo. Mervyn alikuwa anaangalia viatu vyake, kikombe cha saida yangu mkononi, mpole kama sanamu.

Nikaona siwezi. Ningelala vipi kwenye nyumba ya mtu niliyemdanganya mbele ya mti wake?

"Ya kopo, Bibi," nikasema. "Nililinunua mjini. Yetu yalioza."

Nyuma kabisa mtu mmoja akacheka, akazibwa mdomo. Mzee mmoja aliyeshikilia bunduki akakitazama kikombe chake kama kimemtukana, akafikiri, halafu akanywa kilichobaki.

Bibi Enid hakunyanyua sauti. Aliniambia kwamba amewahi kuonja saida ya kopo, kwenye msiba wa watu wa mjini, na haikuwa hii. Akataka kujua nimeifanya nini.

Nikamweleza yote. Juisi badala ya maji. Chai. Matufaha mwitu ya kanisani.

"Ya mlangoni au ya nyuma?"

"Ya nyuma, Bibi."

"Vizuri. Ya mlangoni yana funza."

Akanywa tena. Nikaona kona ya mdomo wake inacheza. Akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mienge ya mwisho, kwamba yeye alitaka saida iliyotengenezwa kwa mikono ya msichana mwenyewe, na mikono ameiona, imebabuka. Mwaka huu atapokea. Mwaka ujao nitakamua matufaha yake, hapa hapa, yeye akiwa kwenye hicho hicho kiti.

"Na ukiniletea kopo tena, nitakupiga nalo."

Akaingiza mkono chini ya blanketi, akatoa ufunguo wa kijumba, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa mkubwa, wa chuma, wa moto kwa joto la paja lake.

Corin alininyanyua juu, taji likaanguka, watu wakapiga masufuria, bunduki zikalia. Nililia na kucheka kwa pamoja, nikatundika mkate kwenye tawi, nikaimwagia mizizi chupa nzima badala ya tone. Tuliimba. Tulikunywa. Kila mtu alitaka kuonja saida ya kopo, na waliokuwa wanaguna ndio waliorudi mara mbili.

Mjomba Mervyn alirudi mara nne. Nilimhudumia mwenyewe, kwa roho safi. Hata nikamwambia asante kwa kunyamaza. Akasema usijali, binti, huku anatazama pembeni.

Mwanamke mmoja akaniuliza imekuwaje ikashuka laini vile. Nikamjibu kwa maringo kwamba kuna siri moja sikuitaja, sukari ya maziwa.

"Ya nini?" akauliza Mervyn.

"Ya maziwa, Mjomba."

Uso wake ulibadilika rangi, nyekundu, nyeupe, halafu rangi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu aliye hai. Bibi Enid akafunga macho. Akatuambia kwamba Mervyn hagusi maziwa tangu utotoni, na kwamba siku alipogusa, kwenye harusi ya binamu yake, harusi ilihamishiwa ukumbi mwingine.

Tumbo la Mervyn likanguruma. Si kwa siri. Watu waliokuwa karibu naye wakarudi nyuma kwa adabu.

Kwake ni ng'ambo ya bonde. Haiwezekani. Bibi Enid akasema asimame pale afanye nini, kijumba si kile pale nyuma ya miti, choo kinafanya kazi, Bryony ana ufunguo, amfungulie.

"Hapana," akasema Mervyn. "Pale hapana."

"Mervyn."

"Nitafika nyumbani, mama."

Alipiga hatua mbili, akasimama, akashika mti. Nikajua ni aibu, mwanamume mzima kuongozwa chooni na msichana mwenye taji. Nikamshika mkono, nikamwambia Mjomba, sisi sasa ni ndugu, twende. Corin akamshika mkono wa pili. Bibi Enid akaomba fimbo yake, akatufuata nyuma, akisema anataka kuona mimi nikifungua mlango wake kwa mara ya kwanza.

Mervyn njia nzima anatuomba tumwache, anaapa, anajikunja, anatembea magoti yamebanana. Tulipofika mlangoni akajaribu kuniziba njia kwa mwili wake. Halafu tumbo likamkumbusha, akasogea.

Nikatia ufunguo. Ukagoma. Nikausukuma mlango tu, ukafunguka wenyewe.

Ndani taa inawaka. Meko inawaka. Meza imetandikwa, sahani mbili. Na katikati ya sebule, nilikokusudia kuweka kochi langu la kijani, mama yangu mzazi, mwenye kichwa kinachogonga, amesimama juu ya kiti kwa gauni lake la Krismasi, anatundika mapazia.

Hakugeuka.

"Mervyn, mpenzi," akasema, "nishikie hii ncha. Wamemaliza kelele zao huko?"

Corin alimwachia Mervyn mkono. Mama akageuka, akatuona wote mlangoni, na pazia likamponyoka likamfunika mpaka kichwani.

Nyuma yangu nikasikia fimbo ya Bibi Enid inagonga sakafu, moja, mbili. Alipita katikati yetu, akaangalia sahani, akaangalia meko, akamwangalia mama chini ya pazia. Kisha akanigeukia, kiganja wazi.

"Nirudishie huo ufunguo, mwanangu. Kwanza niambiwe hapa kwangu kuna nani anaishi, na tangu lini."

Nikamtazama mama. Mama, akijitoa kwenye pazia, akamtafuta Mervyn kwa macho.

Mervyn alikuwa ameshajifungia chooni.